Bure Ghali? Jibu kwa Mwenye Stationari wa Ngamiani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina kijiduka cha stationari hapa Ngamiani, Tanga. Kompyuta ninazo sita, zote mtumba, yenye nguvu kuliko zote ina RAM ya GB 4. Watu wanakuja kuchapa barua, kujaza maombi ya mkopo wa chuo, kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti. Windows zote sita alinipigia fundi wa mtaani, tukapatana bei ya ufundi tu. Tangu mwaka jana zinaleta ujumbe kwamba Windows 10 imefika mwisho, na fundi anasema mashine hizi haziwezi kubeba 11, nitafute nyingine. Mpwa wangu aliye chuo ananishauri niweke Linux, anasema ni programu huria na ni bure. Baba watoto kacheka, kasema bure ghali. Langu ni moja: mtu atengeneze kitu kizuri miaka yote hiyo halafu akitoe bure, yeye anafaidika nini? Isije ikawa mtego. Nijibu kwa kirefu, jioni huwa sina wateja.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza swali ambalo wengi hulimeza kwa kuogopa kuonekana hawajui. Nitalijibu, kisha nitashuka dukani kwako kwenye mashine na printa, maana huko ndiko iliko riziki.

Kwanza neno. Mpwa wako ametaja huria na bure kwa pumzi moja, kama pacha. Si pacha. Kiingereza kina neno moja tu linalobeba maana zote mbili, na walioanzisha harakati hizi kule Marekani wamekaa zaidi ya miaka 40 wakifafanua kwamba hawazungumzii bei. Sisi Kiswahili kimetupa maneno mawili, na ni hasara tukiyachanganya kwa mikono yetu wenyewe. Bure ni habari ya mfuko wako. Huria ni habari ya mkono wako: ukishakuwa na kitu, unaruhusiwa kukifanya nini?

Sasa kisa. Wewe unaishi na printa, kwa hiyo utakielewa kuliko wasomi wengi. Karibu mwaka 1980, katika maabara ya akili mnemba ya chuo cha MIT huko Marekani, alikuwapo mtunzi wa programu aitwaye Richard Stallman. Watu wengi pale walituma kazi zao kwenye printa moja iliyokuwa mbali na meza zao. Karatasi zikikwama hakuna aliyejua. Mtu amekaa, anadhani kazi yake inatoka, akienda kuichukua anakuta printa imesimama na foleni nzima imelala. Kwa printa ya zamani Stallman aliingia ndani ya programu yake akaongeza kipande kidogo: karatasi zikikwama, kila anayesubiri apate ujumbe aende akaitengeneze. Hakuponya kukwama. Aliwawezesha watu kupashana habari, na hilo lilitosha.

Kisha Xerox wakawapa maabara printa mpya ya leza, ya kasi, nzuri mno kwa wakati ule. Nayo ikawa inakwama. Lakini safari hii programu yake ilikuja bila msimbo, yaani bila yale maandishi ambayo mtunzi huyaandika na mtunzi mwingine akaweza kuyasoma. Ilikuja imekwisha kusagwa, mashine inaelewa, binadamu haelewi. Stallman akasikia kwamba mtu mmoja katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon anao msimbo ule. Akamwendea, akamwomba kopi. Yule bwana akakataa. Alikuwa ameahidi kutompa mtu yeyote.

Litazame hilo vizuri. Printa ni yenu, imekwama mbele ya macho yenu, fundi yupo na anataka kuitengeneza bila malipo, dawa ipo kwa jirani, na jirani amefungwa mdomo. Watu hudhani harakati hizi zilizaliwa na ubahili. Zilizaliwa siku jirani alipokatazwa kumsaidia jirani.

Septemba 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU: kuandika mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu ataruhusiwa kuutumia kwa kazi yoyote, kuusoma ndani, kuubadilisha, na kumgawia mwenzake, uwe kama ulivyokuja au umebadilishwa. Haki hizo 4 ndizo maana ya programu huria, na hakuna hata moja inayotaja bei. Ukitaka kuiuza, uza. Mwaka 1989 ikatoka leseni ya kuzilinda, inaitwa GPL, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu sisi watu wa pwani tulikuwa na mfano wake kabla kompyuta hazijazaliwa.

Unakijua kisima cha wakfu. Mtu amechimba, amekitoa wakfu. Mtaa mzima unachota, mgeni anachota, hata asiyempenda aliyekichimba anachota. Warithi hawawezi kukiuza, na akija tajiri hawezi kukizungushia ukuta akaanza kutoza. Kilichotoka kimetoka. GPL inafanya vivyo hivyo kwa kutumia sheria ileile ya hakimiliki ambayo wengine huitumia kufunga. Mtunzi anabaki na hakimiliki yake kamili, ila anaitumia kuweka sharti: nimekupa haki zote hizi, ukiibadilisha programu yangu ukaigawa, nawe mpe unayemgawia haki zilezile, pamoja na msimbo. Tofauti yake na kisima ni kwamba maji ya huku hayapungui. Kopi niliyochukua mimi haikupunguzii wewe chochote. Zipo leseni huria nyingine zisizo na sharti hilo, zinazomwachia mtu achukue, abadilishe, kisha afunge na auze. Wamezichagua watu wa heshima na wana sababu zao. Moyo wangu mimi uko kwenye kisima cha wakfu, na sioni haya kusema.

GNU ilipata karibu kila kitu isipokuwa kiini, ile sehemu ya ndani kabisa inayozungumza na chuma chenyewe. Tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi wa miaka 21 mjini Helsinki, Linus Torvalds, aliwaandikia wenzake kwamba anatengeneza mfumo mdogo kwa kujifurahisha, wala hautakuwa kitu kikubwa. Kilikuwa ni kiini. Mwaka 1992 akakiweka chini ya GPL, vikaungana na vya GNU, na ndiyo Linux ambayo mpwa wako anaizungumzia. Kiini hichohicho kiko ndani ya kila simu ya Android. Kama simu yako ni Android, basi Linux umeishika mkononi miaka yote hii, umetumia kutuma pesa na kuongea na mama yako, na hukuwahi kuiogopa. Kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, kwa orodha inayotolewa mara mbili kila mwaka, zinaendeshwa na Linux tangu Novemba 2017. Na ukienda hospitali yoyote ya serikali nchini, takwimu zao za MTUHA, yaani taarifa za huduma za afya, zinaingizwa kwenye DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo mizizi yake iko Afrika Kusini ya baada ya 1994, na watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana mkono wao humo. Kwa hiyo mwambie baba watoto kwamba hatuzungumzii kitu cha kubahatisha.

Sasa swali lako lenyewe. Anafaidika nini?

Wengine wanalipwa mshahara. Hilo watu hawalijui, na likijulikana hofu nusu inaisha. Sehemu kubwa ya kazi ya kiini cha Linux siku hizi hufanywa na watu walioajiriwa na makampuni kama Intel, Google na Red Hat. Makampuni hayo yanashindana sokoni, lakini yote yanahitaji kiini, na yameona ni nafuu kila mmoja alete fundi wake kwenye kazi ya pamoja kuliko kila mmoja achimbe kisima chake. Red Hat yenyewe iliishi kwa kuuza msaada: programu ni huria, unayelipia ni yule utakayempigia simu usiku wa manane mambo yakiharibika. IBM waliinunua mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. Mtu halipi fedha hizo kwa kitu kisicho na faida.

Wengine wanatengeneza wanachokihitaji wao. VLC, ile programu ya kuchezea video yenye alama ya koni ya barabarani, naamini iko kwenye mashine zako zote. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi karibu na Paris waliotaka kurusha video kwenye mtandao wa chuo chao, na mwaka 2001 ikatolewa chini ya GPL. Walihitaji, wakatengeneza, wakaacha mlango wazi. Umeitumia miaka mingapi bila kuuliza ni mtego?

Na wapo wanaofanya kwa jambo ambalo wazee wetu wa Lushoto na kule Upareni hawahitaji kuelezwa. Wanaita msaragambo. Baragumu likipigwa, watu wanatoka na majembe, wanasafisha mfereji au wanatengeneza barabara. Hakuna anayeuliza leo nitalipwa shilingi ngapi, maana maji ya mfereji yanapita shambani kwake pia, na jina lake likikosekana siku tatu mfululizo kijiji kitajua. Programu huria ina haya yote: maji yanayopita kwako, heshima ya kujulikana kwa kazi, na macho ya wenzako. Mimi nimewahi kuripoti kasoro ndogo kwenye programu moja ya kuchapia, nikaandika kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, na wiki tatu baadaye likatoka toleo jipya ambalo kasoro ile haimo. Mtu nisiyemjua, upande mwingine wa dunia, aliamka akanitengenezea. Nilikaa nikitazama kioo muda mrefu siku ile. Tangu hapo sijawahi kuiona kompyuta kama kitu cha watu wengine tunachoazimwa.

Lakini nataka nikurudishie swali lako, kwa mapenzi. Umeuliza Linux inafaidika nini kwa kutolewa bure, na ni haki yako kuuliza. Je, Windows zilizomo humo dukani sasa, ulizipata vipi? Umesema wewe mwenyewe kwamba ulilipa bei ya ufundi tu. Basi zimekrakiwa. Yupo mtu aliyekaa akavunja kufuli la programu ya watu, akatengeneza kijiprogramu cha kulivunja, akakisambaza bure dunia nzima, na fundi wako akakiendesha kwenye mashine zako sita kwa mamlaka yote, tena baada ya kuzima antivairasi maana ilikuwa inapiga kelele. Mtu huyo anafaidika nini? Hana jina, hana msimbo unaosomeka, na amepewa funguo za nyumba. Kwenye mashine hizo wateja wako wanaandika namba za NIDA, maneno ya siri ya barua pepe, namba za akaunti za benki. Methali ya baba watoto ni ya kweli kabisa, ila ameielekezea nyumba isiyo yake. Bure iliyo ghali mnayo tayari. Tena tangu 1999 tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na duka lenye kibao barabarani halijifichi.

Usidhani nakulaumu. Mafundi wote wa umri wangu tumepiga Windows za namna hiyo, mimi nikiwemo, na tuliwafundisha hivyo vijana wetu. Ndilo jambo linaloniuma zaidi katika utamaduni wetu wa kompyuta: kizazi kizima kimejifunza kwamba kompyuta ni kitu cha kuibia, hakikujifunza kwamba ni kitu cha kukielewa. Kijana anajua tovuti tano za kupata krakeri, hajui faili zake zimekaa wapi.

Nikusimulie na kwa nini mwenzio nilibadilika. Zamani nilifanya kazi katika ofisi moja hapa mkoani. Hesabu zao zote zilikuwa kwenye programu waliyoinunua kihalali kabisa, kwa fedha nyingi, inayofunguka kwa kidude cha kuchomeka nyuma ya kompyuta. Kampuni iliyowauzia ikafunga biashara. Baada ya muda kidude kikafa. Faili zilikuwepo, diski ilikuwa nzima, tulikuwa tukiziona majina yake, lakini hazikusomeka na kitu kingine chochote, kwa sababu muundo wake ulijulikana na wale waliofunga biashara peke yao. Miaka saba ya hesabu. Mabinti wawili walikaa miezi minne wakichapa upya kutoka kwenye makaratasi, na yaliyokuwa yameliwa na mchwa hayakupatikana. Ofisi ile haikuiba kitu. Ililipa kila senti. Kilichokosekana ni haki ya kufungua kilicho chao.

Linganisha na LibreOffice, utakayotumia badala ya Word. Ilitokana na OpenOffice, ambayo ilikuwa chini ya kampuni ya Sun. Mwaka 2010 Oracle wakainunua Sun, na watunzi wengi wakawa na wasiwasi na mmiliki mpya. Hawakuandamana wala hawakulia. Walichukua msimbo, ambao leseni iliwaruhusu kuuchukua, wakaondoka nao, wakaupa jina jipya, wakaendelea na kazi. Faili za watumiaji hazikutikisika. Kampuni inaweza kufa, kuuzwa au kubadilisha nia, na kisima kikabaki.

Sasa nisiwe mchuuzi anayesifia tu. Linux ina gharama, na kasoro zake nazijua.

Kuruhusiwa kusoma msimbo si sawa na kwamba umesomwa. Machi 2024 iligunduliwa kwamba xz, kijiprogramu cha kubana faili kilichomo karibu katika kila Linux, kilikuwa kimetiwa mlango wa siri katika matoleo yake mapya. Kilikuwa kikitunzwa na mtu mmoja aliyechoka. Akaja mwingine kwa jina la Jia Tan, akasaidia kwa upole zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akapewa mamlaka, kisha akaweka sumu. Aliyeigundua ni Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akipima kazi zake nyingine kabisa, akaona kuingia kwenye kompyuta yake kwa mbali kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Nusu sekunde. Akafuatilia, akaingia kwenye msimbo, akaukuta uovu kabla haujasambaa kwenye mashine za watu wa kawaida. Wapo wanaotumia kisa hiki kuonyesha kwamba programu huria si salama, na wapo wanaokitumia kuonyesha kwamba ni salama. Mimi nakiona cha huzuni: dunia nzima ilikuwa ikichota kwenye kisima hicho, na mlinzi alikuwa mmoja, hana wa kumpokea zamu.

Gharama nyingine ni lugha ya wenyewe. Ukiuliza swali la mgeni utakutana na wanaokujibu kwa ukali, nenda kasome mwongozo. Torvalds mwenyewe aliandika kwa miaka mingi kwa maneno makali mno, mpaka Septemba 2018 akaomba radhi hadharani na kupumzika kwa muda. Mambo yametulia, hayajaisha. Ukijibiwa vibaya usidhani kosa ni lako.

Haya, dukani.

Windows 10 iliacha kupewa viraka vya usalama vya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft waliweka njia ya kupata viraka mwaka mmoja zaidi, lakini ni kuahirisha. Fundi wako hakukudanganya kuhusu 11: inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, na mtumba wako hauna. Ila mashine zenyewe hazijafa. Nakushauri Linux Mint, ile aina yake nyepesi iitwayo Xfce. Inahitaji RAM ya GB 2, inapendelea 4, na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Toleo la 22, lililotoka 2024, litapewa viraka hadi 2029. Sura yake inafanana na Windows uliyoizoea, menyu iko chini kushoto palepale.

Usibadilishe zote sita. Chagua ile dhaifu kuliko zote. Mpwa wako apakue faili la Mint, ni kama GB 3, atafute bando la usiku, aliweke kwenye flashi ya GB 8. Kompyuta inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye diski, unaitumia siku nzima ukiijaribu, ukizima Windows yako iko vilevile. Ukiridhika ndipo unaisimika, na kabla ya hapo kopi faili zako mahali pengine, usimwamini mtu anayekuambia hakuna haja. Flashi hiyo moja itatosha kompyuta zote, na ukimpa mwenye duka jirani hujavunja sheria ya mtu. Wametaka ufanye hivyo.

Ukiwa bado kwenye majaribio, jambo la kwanza ni printa. Chomeka, toa ukurasa wa majaribio, skani kitu. Printa nyingi za HP hukubali papo hapo. Zipo za bei nafuu, hasa leza ndogondogo, zinazoelewa lugha ya kiwanda chake tu, na kiwanda hakikutoa dereva ya Linux, yaani kijiprogramu cha kuzungumza na printa, au kimetoa inayosumbua. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na ni kisa kilekile cha Stallman: kifaa ni chako, maneno ya kuzungumza nacho si yako. Printa ikikataa, usipigane nayo wiki nzima mbele ya wateja. Iache kwenye mashine yenye Windows.

Maombi ya mkopo, vyeti vya RITA, maombi ya ajira serikalini, mambo ya TRA, yote hayo yanafanyika ndani ya brauza, na Firefox inakuja humo tayari. Jaribu kila tovuti moja mpaka kwenye hatua ya mwisho ya kupakia viambatisho, usiishie kuona ukurasa umefunguka.

Barua na CV hazina shida, LibreOffice inafungua faili za Word. Kinachoharibika mara nyingi ni mpangilio, mistari inahama, na chanzo chake ni fonti. Times New Roman na Calibri zina wenyewe. Badala yake zipo Liberation Serif na Carlito, zilizochongwa makusudi herufi zake ziwe na upana uleule, ili mstari uishe pale ulipoishia. Hakikisha Carlito imesimikwa. Kazi ya mteja ikiisha mpe na PDF, hiyo haihami. Lakini mwanachuo akija na tasnifu ya kurasa 90 yenye majedwali, hesabu na visanduku vya maandishi, mpeleke kwenye mashine ya Windows bila kubishana naye. Vilevile kadi za harusi na za michango zilizochorwa kwa CorelDRAW au Publisher. Picha za pasipoti zitatoka vizuri kwa GIMP, programu huria ya kuhariri picha, ukishaandaa karatasi ya mfano yenye nafasi zake. Siku ya kwanza utailaani, wiki ya pili utaizoea.

Kwa hiyo ninaona hivi: mashine tano za Mint kwa muda wa miezi michache, moja baada ya nyingine, na moja ya Windows, ambayo fedha ikipatikana ndiyo uibadilishe upate mpya yenye leseni halali. Utakuwa umenunua moja badala ya sita.

Flashi za wateja. Unajua ule ugonjwa wa makabrasha yote kugeuka shortikati. Kwenye Mint haupati pa kuendea, na faili zilizofichwa utaziona wazi, utamwokolea mwanafunzi kazi yake akuombee dua. Lakini chunga: wewe hauugui, na bado unaweza kuubeba. Faili lenye vairasi ukilihamisha kutoka flashi hii kwenda ile, umelipeleka nyumbani kwa mtu.

Kuhusu Kiswahili, sitakuficha, tafsiri zipo lakini zimejaa mapengo, menyu moja Kiswahili, inayofuata Kiingereza. Inanisikitisha, maana tulianza mapema. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Hawakumwomba mtu kibali, leseni ilikuwa imewapa. Walikaa wakatafuta maneno, wakabishana, wakachagua. Na wenzao wengine waliochora mitaa ya Dar es Salaam inayofurika, kuanzia 2015, waliuita mradi wao Ramani Huria, kwa hiyo neno limeshika. Kinachokosekana ni watu wa zamu. Kazi ya kutafsiri haihitaji kujua msimbo hata kidogo, inahitaji mtu anayekijua Kiswahili na mwenye saa moja ya utulivu. Umesema jioni huna wateja.

Anza na ile mashine moja. Printa ikigoma, nitumie jina lake na namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya nyuma, na uniambie kama inachomekwa kwa waya au inapita kwenye mtandao.